Nitakuwaje mfano mwema kazini bila kuwa kero?

SWALI: Shikamoo Mchungaji. Mimi ni weita katika hoteli moja ya ufuoni hapa Malindi, nina miaka 26, na nimeokoka tangu nilipomaliza chuo. Pasta wetu anasisitiza kwamba tusipowavuta wenzetu kwa Yesu tutadaiwa damu yao. Nimejaribu. Kila asubuhi natuma mstari kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi. Zaidi ya nusu ya wenzangu ni Waislamu, na siku hizi nikiingia jikoni mazungumzo yanakatika. Wako pia maweita, wengine ni wa kanisani kwetu, wanaoongeza kwenye bili soda ambazo mgeni hakunywa. Mimi nikikataa wananiita “mtakatifu”. Mwezi uliopita nilifunga siku tatu bila kula wala kunywa nikiwaombea, mama akalia, akasema tangu Shakahola hataki kusikia habari za mfungo nyumbani kwake. Nifanye nini ili imani yangu iwafae watu badala ya kuwatisha?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umemtaja mama mwishoni, lakini mimi nitaanza naye, kwa sababu kilio chake kimebeba zaidi ya nusu ya jibu unalolitafuta.

Mama yako hajapungukiwa imani. Anaishi karibu na msitu wa Shakahola ambao, kuanzia Aprili 2023, ulifukuliwa miili zaidi ya 400, ikiwemo ya watoto wengi. Wapo waliokufa kwa njaa wakiwa wameaminishwa kwamba wakifunga hadi kufa watamwona Yesu. Mwaka 2025 habari za namna hiyo zikasikika tena katika kijiji cha Kwa Binzaro, hukuhuku Kilifi. Sasa mzazi wa Malindi akimwona bintiye siku ya pili hajagusa hata maji, midomo imekauka, naye anasema anafanya kwa ajili ya Bwana, unataka afikiri nini? Kulia alikolia ni akili timamu.

Tena tuangalie mambo yalivyoanza kule kabla ya msitu. Watoto walitolewa shule. Hospitali ikaitwa ya shetani. Watu wakaacha kazi, wakauza mali, wakakata mawasiliano na ndugu. Yote hayo yalifanywa na mtu mwenye Biblia mkononi, na ukipima kwa hesabu ya waliomfuata, alifaulu kuliko wachungaji wengi ninaowajua. Kwa hiyo nikisikia Mkristo akiuliza “nitawavutaje watu?”, kwanza nataka kujua akishawavuta watabaki na nini. Je, watabaki na akili zao, na ndugu zao, na uwezo wa kumwambia “hapana” yeye mwenyewe aliyewavuta? Yesu alimwacha yule kijana tajiri aondoke na huzuni yake, hakumkimbilia kumshika kanzu. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo, na mengine yote nitakayokueleza yanatoka hapo.

Basi rudi kwa mama. Mwambie wazi kwamba hutafunga tena bila maji, na kwamba ukitaka kufunga utamjulisha siku moja kabla na utafungua mbele yake. Najua wapo watakaokuletea Esta na siku zake tatu. Esta alifunga mara moja, taifa zima likiwa limeandikiwa hati ya kifo, kisha akasimama mbele ya mfalme. Hakufanya desturi. Wewe unatembea na sinia la vinywaji kwenye jua la Malindi kuanzia asubuhi mpaka jioni, na siku tatu kavu katika kazi hiyo ni hatari kwa figo na kwa moyo. Kama nia yako ni kuwaombea wenzako, soma Isaya 58. Nabii anauliza saumu iliyochaguliwa ni ipi, halafu anataja kufungua vifungo vya uovu, kumgawia mwenye njaa mkate, na kutojificha na jamaa yako mwenyewe. Acha chakula cha mchana siku moja, pesa yake umpe mtu mwenye haja, maji unywe. Mama hatalia.

Kuhusu kudaiwa damu, nasema kwa heshima zote kwa pasta wako: fungu hilo linabebeshwa mzigo ambao halina. Ezekieli aliwekwa mlinzi wa nyumba ya Israeli, watu wake mwenyewe, ili apige tarumbeta uovu ukiwa unaleta hukumu. Mlinzi anadaiwa kupiga tarumbeta. Hadaiwi kumburuta mtu kitandani. Naye Paulo, aliyezunguka kuliko sisi sote, aliwaandikia Wakorintho kwamba yeye alipanda, Apolo akatia maji, bali mwenye kukuza ni Mungu. Mtu anayeamini kwamba wenzake wakipotea kosa ni lake huwa na haraka, na mtu mwenye haraka hasikilizi. Anaanza kuwaona akina Fatma na akina Kazungu wa jikoni kama kazi ya kumaliza kabla ya mwisho wa mwezi. Wao wanalihisi hilo upesi sana, hata kabla yake yeye mwenyewe.

Nenda ukatazame habari ya Rabai, si mbali, ni kaunti yetu hiihii ya Kilifi. Mmisionari Johannes Rebmann alifika pale mwaka 1846 kuungana na mwenzake Ludwig Krapf, akakaa mpaka 1875, akaondoka akiwa kipofu. Karibu miaka 29, na Wakristo aliowaacha walikuwa wachache mno. Mmoja wa wale wa kwanza kabisa alikuwa Mringe, mtu mlemavu ambaye majirani hawakumhesabu. Kwa ripoti za siku hizi, zile za “tumevuna nafsi kadhaa wikendi hii”, Rebmann angefutwa kazi. Leo watu wanasafiri kwenda kuliona kanisa la Rabai.

Sasa kundi la WhatsApp. Acha kutuma, na usiache kimyakimya wakadhani umenuna. Andika mstari mmoja tu: “Jamani, kundi hili ni la zamu na kazi, nimewajazia mambo mengine, mniwie radhi.” Basi. Usiongeze mstari wa Biblia mwishoni. Jiweke upande wao: fikiria kila alfajiri, kabla hujapiga mswaki, unatumiwa mawaidha ya kukuonyesha dini yako ina kasoro, kwenye simu ambayo ni lazima uifungue kwa sababu meneja anatangazia humo nani yuko zamu ya usiku. Katiba ya Kenya, ibara ya 32, inakupa uhuru wa kuitangaza imani yako, na inampa mwenzako uhuru uleule wa imani yake. Lakini sikuombi uache kwa sababu ya katiba. Nakuomba uache kwa sababu hakuna aliyekuuliza kitu, na wewe ulikuwa unajibu.

Kuna kisa cha hapa mjini kwenu ambacho kila Mkristo wa Malindi angepaswa kukijua. Wageni wako wanakwenda kupiga picha kwenye nguzo ya Vasco da Gama na kwenye kile kikanisa cha Wareno. Mwaka 1542 Francis Xavier, kasisi Mjesuiti aliyekuwa njiani kwenda Goa, alipita Malindi, na baadaye akaandika barua kuhusu aliyoyaona. Anasema mmoja wa wakubwa wa Waislamu wa mji alimuuliza kama makanisa ya Wakristo yanahudhuriwa na kama watu wanasali kwa bidii, kwa sababu hapa Malindi, katika misikiti 17, ni mitatu tu iliyokuwa ikienda watu, na mzee yule lilimsikitisha. Hebu lizingatie swali lile. Mzee hakuuliza habari za Utatu wala hakutaka mdahalo. Aliuliza, ninyi mnasali kweli? Lilikuwa swali la mtu wa Mungu aliyeumia, akimwuliza mgeni ambaye huenda angemwelewa. Xavier akamjibu kwamba Mungu hapendezwi na sala za wasioamini. Wakajadiliana, kila mmoja akabaki na lake.

Xavier alikuwa mtu mkubwa, kanisa Katoliki linamwita mtakatifu, na sina haja ya kumsuta kaburini. Ila pale Malindi naona mlango ulifunguliwa naye akaupita. Na swali la mzee yule halijazeeka. Wenzako wa jikoni, wawe wanaswali tano au ni Wakristo wa Krismasi, wanachokiangalia kwako ni kama haya mambo unayafanya kweli. Wanatazama bili zako.

Hapo basi tumefika kwenye soda, na hapa nitakaa.

Soda mbili zisizonywewa kwenye bili ya Mtaliano aliyelewa ni kitu kidogo, watasema, na mgeni hata hajui. Wewe unajua ni wizi, nami sitakupotezea muda kulithibitisha. Swali lako ni namna ya kusimama. Jambo la kwanza, bili zako ziwe safi bila hotuba. Mgeni akizidisha malipo kwa bahati mbaya, mrudishie mbele ya watu au nyuma ya watu, ni mamoja. Akikupa bakshishi, na utaratibu wenu ni sanduku la pamoja, itie yote sandukuni. Nasisitiza hili la sanduku kwa sababu wapo waliookoka ambao hawaongezi soda kamwe, lakini noti ya yuro ikiingia mfukoni inasahau njia ya sandukuni. Wenzao wanaona. Paulo aliwaambia Wathesalonike wajitahidi kutulia, watende shughuli zao wenyewe, wafanye kazi kwa mikono yao, ili waenende kwa adabu mbele ya walio nje. Ni agizo la kawaida mno, halina ngoma wala kesha, na ndiyo maana halihubiriwi sana.

Jambo la pili, watenganishe wenzako. Wale wa kanisani kwenu ni ndugu zako kwa maana ile ya Mathayo 18, na agizo lake ni kwenda kwa mtu mkiwa wewe na yeye peke yenu. Usianzie kwa pasta, wala kwa kikundi cha maombi, mahali ambapo “tumwombee dada fulani” mara nyingi ni umbea uliovaa kitambaa kichwani. Mchague mmoja uliye naye karibu zaidi. Mwambie, “Dada, hili la bili linanisumbua, na nakuambia wewe kwa sababu tunashiriki meza moja Jumapili.” Kisha nyamaza umsikilize. Huenda akakueleza kwamba masika yakiingia hoteli inapunguza watu, kuanzia Aprili mpaka wageni warudi, na yeye ana watoto wawili shuleni na mshahara wa miezi michache. Hilo haliifanyi soda kuwa halali. Linakuonyesha tu kwamba dhambi yake ina njaa ndani yake, na njaa hiyo mnaweza kuishughulikia pamoja: chama cha akiba cha maweita kwa ajili ya miezi mikavu, kwa mfano, kingefanya kazi ambayo mistari 300 haiwezi. Zakayo alisema atarudisha mara nne, lakini tazama Yesu alikuwa wapi aliposema hivyo. Alikuwa mgeni wa Zakayo, na watu nje wakinung'unika kwamba ameingia kwa mwenye dhambi.

Wale wengine ambao si wa kanisa lako huna mamlaka ya kuwarudi. Wakikuomba uongeze, sema “mimi siwezi”, na useme kwa sauti ya kawaida, kama mtu asiyekula pweza anavyokataa pweza. Wakikuita mtakatifu, cheka. Jina la utani ambalo mwenyewe halimchomi halidumu. Usikimbilie kwa meneja kuwachongea. Lakini meneja akikuuliza, usiseme uongo, na ikitokea mgeni amelalamika na lawama ikaangushiwa kijana asiye na hatia, sema unachokijua siku hiyohiyo, hata ikikugharimu. Kunyamaza hapo hakutakuwa upole.

Ramadhani ikija, una nafasi ambayo Mkristo wa Nyeri hana. Jitolee kushika zamu ya magharibi ili mwenzako afuturu na watoto wake, na usipige kelele mchana na chapati yako jikoni, mambo ambayo mtoto wa Malindi hafundishwi. Ila usifanye hivyo ili mwezi ukiandama umwalike kwenye mkutano wa injili. Fadhili yenye ndoana ndani ni chambo, na watu wa pwani wanaijua ndoana. Mshikie zamu kwa sababu ana haja nayo, na hata akifa akiwa Mwislamu uwe hujapoteza chochote.

Utaniuliza, je, nisiseme kabisa? Utasema. Mpaka leo hakuna mfano unaonifurahisha kuliko yule kijakazi wa Naamani katika Wafalme wa Pili, sura ya 5. Ni mtoto mdogo, ametekwa vitani, jina lake halikuandikwa. Bwana wake, jemadari Naamani, ana ukoma. Sentensi moja tu inatoka kinywani mwake, kwamba laiti bwana wake angekuwa mbele ya nabii aliye Samaria, angemponya. Haikulenga kumwingiza jemadari katika dini. Ilitoka kwa mtoto aliyemhurumia bwana wake, na bwana akamwamini kwa sababu, nadhani, hakuwahi kumkuta na uongo katika mambo ya nyumba. Petro anasema tuwe tayari siku zote kumjibu kila mtu atuulizaye habari za tumaini lililo ndani yetu, lakini kwa upole na kwa hofu. Siku Fatma atakapokuuliza, “Wewe mbona hukuongeza?”, jibu kwa maneno yako, mafupi, yanayokuhusu wewe: ulikuwaje, nani alikubadilisha, unamshukuru kwa nini. Kisha muulize naye, yeye kinachomtia nguvu ni nini, na umwache aseme mpaka mwisho. Mara nyingi mtajikuta mnazungumza habari za kuogopa Mungu, na hakuna aliyeshindwa.

Kuna wasomaji watakaoniuliza kwamba Yesu alisema nuru yetu iangaze mbele ya watu wayaone matendo yetu mema, na sura inayofuata tu akasema tuangalie tusifanye wema machoni pa watu kusudi tutazamwe. Sioni mgongano. Katika la kwanza sifa inamwendea Baba aliye mbinguni, katika la pili inabaki kwa mtendaji. Ukitaka kujua yako iko wapi, angalia unavyojisikia siku ambayo wema wako hakuna aliyeuona.

Nina jambo moja ambalo hukuliuliza. Nimekuambia upunguze maneno kazini, lakini yapo mahali ambapo nataka useme kwa sauti, nayo ni nyumbani, kwenye matanga. Unajua yanavyokuwa: kijana amekufa ghafla, watu wamekaa chini ya mwembe, na mtu mmoja anaanza kuangalia upande wa mzee fulani mwenye mvi. Katika kaunti yetu wazee wameuawa kwa neno hilo moja, uchawi, na mara nyingi nyuma yake kuna shamba ambalo mtu analitaka. Wengine wamelazimika kuhama makwao na kwenda kuhifadhiwa kwa watu. Na kinachonitia uchungu ni kwamba baadhi ya wanaowataja wazee hao ni watu wanaojiita manabii, kwenye mikutano yenye vipaza sauti. Siku hiyo, mwanangu, ulokole wako usiwe wa kunong'ona. Simama useme marehemu alikuwa na presha, au alikuwa mgonjwa wa sukari, kama ndivyo ilivyokuwa, na kwamba mzee huyu hataguswa. Kama huna nafasi ya kusema mbele ya wanaume, mwambie mjomba wako, mwambie chifu, kisha mpelekee mzee uji wake mchana watu wakiona. Hapo mkiwa watatu tu katika ukoo mmefanya kazi kubwa.

Ukimya wa jikoni hautaisha wiki hii. Watu walioona mtu akibadilika ghafla hungoja waone kama atarudi alikotoka, na wana haki. Wasalimie, uliza hali ya mtoto aliyekuwa na malaria, tuma zamu kwenye kundi kama wengine. Mkutano wa fitina ukianza, toka nje bila kubamiza mlango.

Kwa pasta wako, sikushauri uhame kanisa kwa sababu ya fungu moja. Mwombe nafasi, umweleze yaliyokupata na mama, neno kwa neno. Mchungaji mwema atakusikiliza, na pengine Jumapili itakayofuata atalieleza vizuri zaidi lile fungu la Ezekieli. Akikuambia kwamba mama ni adui wa wokovu wako, hapo ondoka, wala usisubiri kuniandikia.

Na kama itafika siku msimamizi mwenyewe anakuamuru uongeze soda kwenye bili, hilo ni jambo tofauti. Andika tarehe na maneno yake, usitie sahihi chochote, kisha uniletee, kwa sababu hapo tutahitaji kusoma na sheria ya kazi pia.